Sahihi ya Minza

Klementina alizaliwa upande wa Laela, mtoto wa tano kati ya tisa, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na ulezi. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuajiriwa ila mjomba mmoja aliyelinda ghala la ushirika. Ghala lenyewe lilikuwa limeshafungwa, maana siku hizo mahindi yalinunuliwa na watu binafsi waliokuja na malori yao na mizani yao. Kwa hiyo barua ya kumwita chuo cha ualimu ilipofika, mwaka 1992, baba yake aliitia mfukoni mwa shati akatembea nayo wiki nzima. Akikutana na mtu anaitoa, anaikunjua, na asiyejua kusoma anasomewa.

Chuo kilikuwa nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, mahali ambapo upepo wa Juni unapita bila kizuizi. Serikali ilikuwa imeanza kusema wazazi wachangie, na kila mwanachuo aliambiwa aje na jembe, ndoo na godoro. Siku ya kuripoti Klementina aliona msichana mrefu amesimama pembeni ya foleni ana jembe na ndoo tu.

"Godoro lako liko wapi?" mama mlezi wa bweni akamuuliza.

"Limebaki njiani, mama," alijibu yule msichana, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hakuna godoro lililobaki njiani.

Klementina akasema, "Tutalala wote kwenye langu." Hakujua kwa nini alisema hivyo. Wakalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, miaka karibu miwili.

Huyo ndiye Minza. Kwao ni chini, bonde la Ziwa Rukwa, ambako Wasukuma walihamia na ng'ombe wao. Baba yake alikuwa amefariki. Kaka zake walikuwa wameshakubaliana na mtu wa kumwoa, mahari imeshatajwa, lakini mama yao alikaa kwenye mlango wa zizi akasema kwamba ng'ombe wa mahari ya Minza hataingia hapo yeye akiwa hai, binti anakwenda kusoma. Minza alikuwa akilisimulia hilo huku anacheka, akimwigiza mama yake alivyokaa na miguu kainyoosha, fimbo mapajani. Kila alipolisimulia, kicheko kiliisha kabla ya hadithi.

Minza ndiye aliyemfundisha Klementina hesabu za sehemu mpaka zikaingia. Klementina alipougua malaria, Minza alimpikia uji wa ulezi kwenye jiko la kuni la chuo, akamgombeza kila alipouacha. Wanachuo wenzao waliwaita pacha, mmoja mfupi mmoja mrefu.

Februari ya 1994, miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho, walipelekwa mazoezi ya kufundisha katika kijiji kimoja njia ya kwenda Laela. Shule ilikuwa na madarasa saba na walimu watatu. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi. Wa pili, Mwalimu Yusto, alikuwa mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu, naye alishika darasa la sita na la saba. Wa tatu alikuwa mwalimu mkuu, Mwalimu Kasmir, ambaye kila mwisho wa mwezi alikwenda mjini kufuatilia mishahara iliyochelewa na kukaa huko siku tatu, nne. Minza akapewa darasa la pili. Klementina akapewa la tatu. Waliobaki walijifundisha wenyewe.

Minza alikuwa mwalimu. Hilo Klementina alilisema hata uzeeni kwake: mimi nilikuwa nasomea ualimu, Minza alikuwa mwalimu. Watoto wa darasa la pili walikuwa watoto wa Kifipa tupu, Kiswahili wanakisikia shuleni tu, na wiki ya kwanza hawakufungua midomo. Minza naye Kifipa hakijui. Basi akawa anaonyesha kitu, wao wanakitaja kwa Kifipa, yeye anakirudia vibaya makusudi, darasa linaangua kicheko, kisha anawapa neno la Kiswahili. Walikuwa wanamsindikiza hadi mlangoni kwake.

Jumanne moja jioni, muuza samaki wakavu aliyepanda kutoka bondeni alisimama uani kwao akamuulizia Minza. Hakuketi.

"Mama yako hali kitu, siku ya nne leo," alisema. "Anakutaja."

Minza alimshukuru, akaingia ndani, akaanza kufunga khanga kwenye mfuko.

Sheria ya mazoezi ilijulikana: mwanachuo haondoki kituoni bila ruhusa ya mkufunzi. Akiondoka mazoezi yanafutwa, na mazoezi yakifutwa chuo kimekwisha. Lakini mkufunzi alikuwa mjini, anakuja gari la chuo likipata mafuta. Mwalimu mkuu alikuwa mjini. Simu haikuwepo. Kwenda Sumbawanga kuomba ruhusa ilikuwa siku nzima na kurudi siku nzima, na bondeni ni upande mwingine.

"Siku mbili, Tina," Minza alisema. "Alfajiri nateremka mlima wa Lyamba, jioni niko nyumbani. Ijumaa nimerudi. Uniwekee sahihi kwenye daftari la mahudhurio, na uwape watoto kazi ubaoni. Hakuna atakayejua."

"Na mkufunzi akija?"

"Mvua hii? Hawezi kuja." Kisha akakaa kitandani. "Ungekuwa ni mama yako?"

Klementina hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Jumatano asubuhi aliandika jina lake kwenye daftari, chini yake akaandika la Minza, akaiga ile M yenye mkia mrefu. Alijiona mtu mwema.

Alhamisi akaandika tena. Mvua ilikuwa imekatika, jua linawaka. Akawaandikia darasa la pili hesabu kumi za kujumlisha, akawaambia wakae kimya, akarudi kwa darasa la tatu ukuta wa pili. Aliwasikia wananong'ona, akagonga ukuta, wakanyamaza. Baadaye walinyamaza wenyewe, na yeye akashukuru.

Walikuwa wametoka. Jumanne Minza alikuwa amewaahidi kwamba watafinyanga ng'ombe na vyungu, na watoto wakaona mwalimu amechelewa tu, watamwandalia udongo. Udongo mzuri ulikuwa nyuma ya shule, kwenye mashimo watu walikochimba tope la matofali kiangazi kilichopita. Sasa ilikuwa masika, na mashimo yalikuwa yamejaa maji. Mtoto mmoja, Adela, wa miaka minane, aliinama kwenye ukingo, na ukingo ukamomonyoka.

Mayowe ya watoto yaliposikika, Klementina alikimbia na chaki mkononi. Aliingia shimoni na viatu, maji yakamfika kifuani, akapapasa chini kwa miguu na kwa mikono. Alipomtoa, alimbeba mbio hadi kwenye nyasi, akamlaza kifudifudi, akamgandamiza mgongo kama walivyofundishwa, akaendelea kumgandamiza hata Mwalimu Yusto alipokuja akamshika bega na kumwambia, "Basi, mwanangu. Basi."

Mwalimu Kasmir alirudi mchana ule ule kwa lori la mahindi. Alikuta kijiji kizima kipo shuleni. Akamwita Klementina ofisini, akafunga mlango, akafungua daftari la mahudhurio.

"Minza yuko wapi?"

Klementina akamwambia yote. Mwalimu Kasmir hakuwa mtu mbaya. Alilifunga daftari taratibu.

"Sikiliza," alisema. "Daftari linasema Minza alikuwepo. Basi alikuwepo. Alikuwa anafundisha, mtoto akaomba ruhusa kwenda chooni, akapitia kwenye mashimo, ikatokea ajali. Ajali haina mtu. Mzee Yusto atanyamaza, na watoto hakuna atakayewauliza. Ukisema hakuwepo, wewe umefukuzwa kwa kughushi, yeye amefukuzwa kwa kutoroka, nami nitaulizwa kwa nini shule iliachiwa wanachuo. Watu watatu. Na mtoto harudi."

"Ndiyo, mwalimu," Klementina alisema. Alikuwa bado amelowa.

Ijumaa walimzika Adela, na aliyeuliza alipo Minza aliambiwa ameitwa na mama yake mgonjwa jana jioni. Askari aliyekuja kutoka mjini aliandika alivyoambiwa. Jumamosi mchana Minza akatokea, miguu imevimba, amenyolewa nywele. Klementina alipoona kichwa kile akajua.

"Sikumkuta," Minza alisema. "Alifariki saa chache kabla sijafika. Walikuwa wameshamvisha."

Klementina akamwacha anywe maji. Kisha ikabidi amwambie na hili. Minza hakulia, alikaa sakafuni, akauliza ni mtoto gani, akauliza tena, na tena, kana kwamba akiuliza sana litatajwa jina jingine.

"Nataka kusema ukweli, Minza," Klementina alisema.

"Sema, halafu? Mimi sasa sina mama wa kukaa mlangoni pa zizi. Nikifukuzwa narudi kwa kaka zangu, na kwao nina kazi moja tu." Akamshika mkono. "Sijawahi kukuomba kitu kikubwa, Tina. Hata godoro ulinipa mwenyewe. Hili nakuomba. Nyamaza."

Mkufunzi wao, Mkufunzi Meshack, alikuja Jumatatu. Aliwahoji mmoja mmoja, akaandika, wakatia sahihi. Safari hii kila mmoja alitia ya kwake.

Baada ya matanga kuanuliwa, mama yake Adela alikuja nyumbani kwao mchana, amebeba kuku chini ya kwapa. Cornelia ndilo jina lake, mwanamke mwembamba asiyezidi miaka thelathini. Walimsalimia shikamoo kwa sababu ya msiba aliobeba, naye akaitikia akiwa ameinamisha kichwa.

"Nimekuja kwako, mwalimu," alimwambia Minza. "Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Nataka unieleze aliomba ruhusa kwa maneno gani."

Minza alimtazama Klementina, kisha akatazama chini. "Alisema, 'Mwalimu, naomba kutoka.'"

"Kwa Kiswahili?"

"Ndiyo, mama. Kwa Kiswahili."

Yule mama aliweka mkono mdomoni. "Alikuwa haongei, unajua. Nyumbani alikuwa na maneno mengi kuliko wote, lakini shuleni aliona aibu. Mwaka jana alikuwa anarudi nguo zimelowa, kisa hawezi kuomba ruhusa kwa mwalimu." Akatabasamu, machozi yanatiririka. "Kumbe alishajua. Alisimama mbele ya watu akasema Kiswahili, na mimi sikuwa na habari."

Akamshika Minza mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumfundisha mwanawe, akamwachia kuku.

Alipoondoka, Minza alimfunga kuku kwenye mguu wa meza.

"Umemwona?" Minza alisema kwa sauti ndogo. "Amefurahi. Nimempa kitu. Wewe na ukweli wako ungempa nini?"

Kwa siku tisa Klementina aliamini kwamba labda Minza yuko sahihi. Mazoezi yalikuwa yamebakiza wiki mbili. Minza alirudi darasani. Hakuwachekesha tena watoto, lakini alifundisha, na hakuwaacha peke yao hata dakika moja.

Siku ya kumi Klementina alikutana na Cornelia kisimani. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inaonekana, na ndoo yake ilikuwa imejaa zamani, maji yanamwagika, yeye hana habari. Klementina akaiondoa ndoo.

"Mama, unakula?"

"Nitakula nini?" Cornelia aliketi kwenye jiwe. "Nikwambie jambo, mwalimu, sijamwambia hata mume wangu. Jumapili ile kabla hajafa alirudi kutoka kanisani amelowa. Nikamchapa. Nilimchapa kwa fimbo, nikamwambia ukijilowesha tena utalala nje, kwa nini huombi ruhusa kama wenzako? Basi akaogopa. Akaomba ruhusa." Akajipiga kifua polepole kwa ngumi. "Asingeomba, asingetoka. Angelowa, angekuwa hai. Ni ile fimbo yangu iliyompeleka shimoni."

Hapo ndipo Klementina alipoamua, kama ni kuamua. Hakupata nafasi ya kupima, wala ya kumwonya Minza kwanza, jambo ambalo baadaye alijilaumu kuliko yote. Alipiga magoti kwenye tope la kisima.

"Hakuomba ruhusa, mama. Si fimbo yako. Walitoka wote kutafuta udongo wa kufinyanga. Minza hakuwepo, alikwenda kumzika mama yake. Mimi ndiye niliyeandika kwamba yupo. Darasa halikuwa na mwalimu."

Alitegemea makofi, au mayowe. Cornelia alimtazama tu, anayapitia maneno yale moja moja.

"Kwa hiyo hakuwa na mtu," alisema.

"Hakuwa na mtu, mama."

"Na kile Kiswahili?"

Klementina alishindwa kuinua uso. Alisikia Cornelia akisimama, akasikia pumzi yake, kisha nyayo zake. Ndoo aliiacha pale.

Jioni ile alimweleza Minza alichofanya. Minza alikuwa anasahihisha madaftari. Aliweka kalamu chini, akayapanga madaftari vizuri, kona kwa kona.

"Ungesema la kwako," alisema. "Ungesema uliliacha darasa. La kwangu ungeniachia mimi."

"Yalikuwa jambo moja, Minza. Ningeyatenganishaje?"

"Sijui. Lakini hukujaribu."

Kesho yake Klementina alipanda basi la Sumbawanga, akaenda kwa Mkufunzi Meshack. Yule mkufunzi alimsikiliza huku anazungusha pete kidoleni. Alipomaliza, akamuuliza kama anaelewa kwamba suala lilikuwa limeshafungwa. Klementina akasema anaelewa. "Basi umelifungua," mkufunzi alisema, na ilikuwa kama anamhurumia.

Wote wawili walifukuzwa kabla ya Pasaka. Mwalimu Kasmir alihamishiwa shule ya mbali na kushushwa cheo. Siku ya kuondoka chuoni Klementina alimwambia Minza achukue godoro. Minza akasema asante, hahitaji, huko aendako watampa, akatoka na ndoo na jembe lake kama alivyokuja.

Kijijini, mume wa Cornelia alikwenda ofisi ya elimu mara mbili kuuliza nani atajibu kwa ajili ya mtoto wake, akaambiwa wahusika wameshachukuliwa hatua. Cornelia alikula tena, watu walisema, akazaa tena. Lakini shule hakuipitia. Akienda shambani alizunguka kwa juu, njia ndefu. Na mtu akimtaja mwalimu yeyote mbele yake, yeye husema neno lile lile: hakuwa na mtu.

Baba yake Klementina hakumgombeza. Ile barua ya kuitwa chuo aliitunza kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo, wala hakuitoa tena. Klementina alilima, akaolewa na Felisian, mtu mpole wa kijiji cha jirani, akapata watoto watatu.

Mwaka 1997, mtoto wake wa kwanza ameshaachishwa ziwa, alimbeba mgongoni akateremka Lyamba kumtafuta Minza. Joto la bondeni lilimpokea kama moshi. Alimkuta katika boma kubwa lenye ng'ombe wengi, mke wa pili wa mtu aliyemzidi miaka mingi. Minza alinyanyuka, akamkaribisha, akamletea maziwa na kigoda. Alimsifu mtoto aliyekuwa mgongoni, akauliza habari za mvua huko juu. Alikuwa na mtoto wa kike anayetambaa.

Waliongea kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. Mwishoni Klementina akasema, "Nilikuja kukuomba msamaha."

Minza akauliza, "Wa nini hasa? Kwa kuandika jina langu, au kwa kulifuta?"

"Kwa yote."

"La kuandika nilikuomba mimi." Akamchukua mwanawe, akampangusa vumbi usoni. "Yule mama alipata nafuu?"

Klementina alitamani kusema ndiyo. Ilikuwa ndiyo moja tu, na ingemsaidia Minza kuona kwamba hakupotea bure. "Sijui," alisema. "Alinyamaza tu. Mpaka leo hapiti pale shuleni."

Minza akatikisa kichwa, si kwa hasira. Alimsindikiza mpaka mwisho wa mashamba ya mpunga, akasimama. Klementina aligeuka mara kadhaa alipokuwa anapanda, na kila alipogeuka alimwona bado amesimama, mpaka kona ya mlima ilipomficha. Hawakuonana tena. Miaka mitatu baadaye muuza samaki alileta habari kwamba Minza alifariki akijifungua, na kwamba yule binti anakaa kwa wajomba zake.

Klementina alilia siku nzima shambani, kwenye matuta, mahali ambapo watoto wake hawangemwona. Kwa Felisian alisema tu kwamba ni mwenzake waliyesoma naye.

Mwaka 2002 ada ya shule za msingi ilipofutwa, watoto walimiminika. Darasa la kwanza la kijijini kwao likawa na watoto mia moja na sitini, na mwalimu mmoja. Mwalimu mkuu mpya, kijana aliyetoka Namanyere, alisikia kwamba mama fulani aliwahi kupita chuo cha ualimu. Akaja kumsihi awasaidie, kwa kujitolea, mpaka serikali ilete walimu. Klementina alikataa. Akaja tena. Felisian naye akamwambia, "Nenda ukaone tu."

Alikwenda Jumatatu. Aliwafundisha irabu, akawaimbisha, na watoto walimpenda kabla ya saa nne. Lakini hakutoka mle darasani hata mara moja. Wakati wa mapumziko alisimama uani akiwahesabu, akipoteza hesabu, akianza upya. Aliyeomba kwenda chooni alimpeleka mwenyewe, na kwa kuwa hakutaka kuwaacha wengine, aliwapeleka wote. Mchana alitembea nao hadi njia panda, akasimama mpaka wa mwisho alipoingia kwao. Alifika nyumbani jua linazama, koo limekauka, akalala bila kula.

Jumanne hakwenda. Mwalimu mkuu alikuja kumuulizia, akamkuta anapalilia maharage.

"Mama, watoto wanakuulizia. Kuna tatizo gani?"

"Hakuna tatizo, mwalimu. Ni wengi, nami ni mmoja."

Yule kijana alidhani anataka posho. Akaahidi kwamba atalifikisha kwenye kamati ya shule, akamtakia kazi njema, akapanda baiskeli yake.